Wengi wakinyoosha mikono, haki imetimia?

Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi Na. 6 ya 2007 imezipa halmashauri za vijiji kazi ya kuandaa mpango: wapi makazi, wapi mashamba, wapi msitu. Mkutano mkuu wa kijiji ndio unaoupitisha. Hilo ni jambo jema, na sisi Waislamu tunaliita shura.

Watu wa kusini wanaijua thamani yake. Katika Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, wakulima wengi walihamishwa wakaiacha mikorosho yao mbali. Korosho za nchi, zilizopita tani 140,000 msimu wa 1973/74, zikaanguka chini ya tani 20,000 msimu wa 1986/87. Sababu zilikuwa kadhaa, na kuhamishwa huko ni mojawapo.

Lakini je, wengi wakinyoosha mikono, haki imetimia? Sidhani. Mjane mwenye mikorosho kumi yuko peke yake, na mjukuu hajazaliwa. Iraq ilipofunguliwa, Sayyidna Umar (RA) alishauriana na Masahaba, kisha akakataa kuwagawia wapiganaji ardhi ya Sawad ili vizazi vijavyo navyo vipate.

Basi sheria ilazimishe maswali mawili yajibiwe kabla ya kura: nani anapoteza, na atafidiwa nini? Na wajukuu wa Mkunya, kule Newala, watalima wapi? Ardhi ni amana. Mtume (SAW) ametuonya tusidhulumu hata shubiri moja, na wingi wa wanaodhulumu hauihalalishi dhulma.