Mbeleko na Pikipiki: Kuhusu Fadhila Isiyolipika

Mtoto aliyekua na kujitegemea anapompa mzazi wake kitu cha thamani, tatizo linalomkabili, ukiacha lile la fedha, ni la jina la tendo lenyewe. Zawadi ni kitu kinachotolewa kwa hiari na mtu ambaye angeweza kutokitoa bila kulaumiwa. Malipo ni kitu kinachotolewa kwa sababu kinadaiwa, na anayekitoa hastahili kupewa zaidi ya stakabadhi. Sadaka humwelekea mhitaji, na ndani yake mna kunyanyuka kidogo kwa mkono unaotoa juu ya mkono unaopokea. Hakuna hata moja kati ya majina hayo linalokaa sawasawa pale mpokeaji anapokuwa baba au mama, kwa kuwa mtoto asiyetoa hulaumiwa, na anayetoa akidai kwamba amemaliza deni huonekana mpungufu wa adabu, na anayetoa kama kwa maskini huwa ametukana. Kiswahili kimeikwepa shida hiyo kwa kauli ya kulipa fadhila, ambayo kila mtu huielewa ingawa imebeba mgongano ndani yake. Fadhila, kwa maana yake ya msingi, ni wema unaozidi kile kilichopasa, yaani ziada ambayo hakuna mwenye haki ya kuidai. Sasa kama haidaiki, inalipwaje?

Swali hilo linaweza kuchunguzwa kupitia kitu kimoja ambacho, katika vijiji vya Tanzania na vya nchi jirani, kimekuwa miongoni mwa alama kubwa za mtoto kumkumbuka mzazi, nacho ni pikipiki. Nyumba ya bati na matofali ya kuchoma ndiyo iliyotangulia kushika nafasi hiyo, na bado inaishika. Lakini nyumba humtuliza mzazi mahali alipo, ilhali pikipiki humwondoa. Tofauti hiyo, ambayo kwa mtazamo wa haraka ni ya matumizi tu, inagusa kiini cha jambo.

Wanafalsafa wamegawanyika kuhusu kama mtoto anadaiwa. Aristotle, katika kitabu cha nane cha Maadili ya Nikomako, anashikilia kwamba mtoto ni mdeni asiyeweza kumaliza deni, kwa kuwa alichopewa ni kuwepo kwenyewe, na hakuna kitu kinacholingana na kuwepo. Kwa sababu hiyo baba anaweza kumkana mwana, kama mdai anavyoweza kumsamehe mdeni, lakini mwana hana mamlaka ya kumkana baba. Upande wa pili yuko Jane English, mwanafalsafa wa Marekani, ambaye mwaka 1979 alitoa hoja kwamba mtoto aliyekua hana deni lolote, kwa sababu deni huzaliwa na kuomba au kukubaliana, naye mtoto hakuomba kuzaliwa wala kulelewa. Kinachobaki kati yake na wazazi, kwa maoni yake, ni urafiki, na majukumu yake ni yale yanayochipuka kutoka katika urafiki huo. Hoja hii ya pili ni safi kimantiki, na inamfaa mtu ambaye mzazi wake anaishi kwa pensheni. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kuwapa wazee wote wenye umri wa miaka 70 na kuendelea shilingi 20,000 kwa mwezi, kiasi ambacho kimepandishwa baadaye. Lakini kwa mkulima wa kawaida wa Bara, ambaye hakuwahi kuandikwa katika mfuko wowote wa hifadhi ya jamii, pensheni ni watoto, na kumwambia kwamba wanawe ni marafiki tu ni kumwambia kwamba akiba yake ya miaka 30 inategemea kama bado wanampenda.

Hata hivyo haifuati kwamba Aristotle ameshinda. Mila za pwani ya Waswahili zinaonyesha njia nyingine ya kulifikiri deni la namna hii. Katika posa na ndoa, pamoja na mahari, kulikuwa na malipo yaliyotengwa kwa ajili ya mama wa bibi harusi, yakiitwa mkaja na ubeleko. Mkaja ni kitambaa ambacho mzazi hujifunga tumboni baada ya kujifungua, na mbeleko ni nguo ya kumbebea mtoto mgongoni. Kwa hiyo fedha iliyotolewa ilibeba jina la kazi iliyofanywa na mwili wa mama, ingawa hakuna aliyewahi kupiga hesabu ya siku alizobeba wala kilo za mzigo wake. Jambo la kuzingatia ni kwamba hakulipa aliyebebwa bali mkwe, mtu ambaye hakuwahi kubebwa kwenye mgongo ule. Deni lilitajwa hadharani, likapewa jina lake halisi, kisha likaachwa kama lilivyo. Pengine hekima ya mila hiyo ilikuwa ni kutambua kwamba kuna madeni ambayo heshima yake iko katika kutajwa.

Taswira ya mgongo haikuwa ya Waswahili peke yao. Seneca, mwanafalsafa wa Roma wa karne ya kwanza, katika kitabu cha tatu cha maandishi yake kuhusu hisani, anajadili kama mtoto anaweza kumzidi mzazi kwa wema, na mfano mmoja anaoutoa ni wa Aeneas, shujaa wa hekaya za Troya, ambaye alimbeba baba yake mzee akamtoa katika mji uliokuwa ukiteketea. Hesabu ya Seneca ni ya mizani: baba alibeba kitoto chepesi katika siku za amani, na mwana akabeba mzee mzito kati ya moto na maadui, basi mwana amezidi. Waislamu nao wana masimulizi yanayofanana kwa sura na kupingana kwa hukumu. Imesimuliwa kwamba mtu mmoja kutoka Yemen alikuwa akiizunguka Kaaba huku amembeba mama yake mgongoni, akamuuliza Abdullah bin Umar, sahaba wa Mtume, kama kwa kufanya hivyo amemlipa. Akajibiwa kwamba hajalipa hata uchungu mmoja wa uzazi.

Ukiyaweka masimulizi hayo mawili pamoja, utaona kwamba hayabishani juu ya uzito wa mzigo. Seneca anapima kitendo kwa kitendo, na kwa kipimo hicho ana haki. Jibu la Abdullah bin Umar linahusu kitu kingine: mama alimbeba mtu ambaye bado hakuwa mtu kamili, asiyejua kama ataishi, na alimbeba ili siku moja asibebwe tena, ilhali mwana anambeba mama aliyekwisha kukamilika, akielekea mahali ambapo miguu ya mwana ndiyo inayoamua. Kubeba kwa mzazi kunaelekea kwenye uhuru wa mbebwa. Kubeba kwa mtoto, mara nyingi, kunaelekea kwenye utegemezi wa mbebwa. Ndiyo maana inastahili kutazamwa kwa makini hadithi nyingine, iliyomo katika Sahihi ya Muslim, inayosema kwamba mtoto hamlipi mzazi wake isipokuwa akimkuta ni mtumwa, akamnunua na kumwacha huru. Wengi huisoma kama njia ya kusema kwamba malipo hayawezekani. Lakini imeacha mlango mmoja wazi, na mlango huo hauhusu chakula, mavazi, wala mgongo. Unahusu kumrudishia mtu mamlaka juu ya nafsi yake.

Hapo ndipo pikipiki inapoingia katika falsafa kwa haki yake. Fikiria mkulima wa kahawa katika milima ya Mbinga, mkoani Ruvuma, mwenye umri wa miaka 60 na kitu, ambaye shamba lake liko mbali na ghala la chama cha ushirika, na zahanati iko mbali zaidi. Kabla ya kuwa na chombo chake, kila safari yake ilikuwa ombi: kumwomba kijana wa bodaboda asubiri malipo hadi msimu, kumwomba jirani lifti, au kumwomba mwanawe aliyeko mjini atume nauli kwa simu, na pamoja na nauli aeleze anakwenda wapi na kwa nini. Ombi la mwisho ndilo zito kuliko yote, kwa sababu mtu mzima anayelazimika kutoa sababu ya safari yake kwa mtoto aliyemfundisha kutembea amepinduliwa nafasi yake duniani, hata kama mtoto ni mwema na hatoi neno. Pikipiki ya cc 125 au 150, yenye kibebeo cha chuma nyuma na matairi ya kashata, inafuta haja ya kutoa sababu hiyo. Baba anaondoka. Hakuna anayejua amekwenda kuonana na nani, na hilo, kwa mtu wa umri wake, ni sehemu kubwa ya heshima.

Lugha ya sheria za barabarani Tanzania huiita pikipiki chombo cha moto, na neno chombo limechukua mambo mawili kwa pamoja: kifaa cha kufanyia kazi na kitu kinachosafirisha, kama jahazi. Uwili huo unaleta shaka ya haki. Je, kumpa mzee kifaa cha kazi si kumwambia kwamba hajamaliza kufanya kazi? Methali ya mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, ambayo Julius Nyerere aliitumia katika andiko lake la Ujamaa la mwaka 1962, huchukuliwa kwa kawaida kama karipio kwa mvivu; lakini inaweza kusomwa pia kama kumpandisha hadhi, kwa kuwa anayepewa jembe ameacha kuwa mgeni na kuwa mwenye nyumba. Andiko hilohilo linataja mzee aliyepumzika kwa haki, kwa kuwa alifanya kazi kwa bidii ujanani. Basi chombo kimoja kinaweza kuwa heshima au kuwa nira, na kinachoamua ni kama mpokeaji ana uhuru wa kukilaza kibandani wiki nzima bila mtu kuuliza.

Kwa akina mama mambo huwa tofauti, na insha inayozungumzia mzazi kana kwamba wote ni baba itakuwa imeruka nusu ya jambo. Mama wa kijijini anaponunuliwa pikipiki, mara nyingi haiendeshi. Inakabidhiwa kijana wa kijiwe, naye humletea hesabu, yaani kiasi maalumu cha fedha kilichokubaliwa, kila jioni au kila wiki. Zawadi imekuwa mradi. Mama hapati mwendo bali mapato, na pamoja na mapato anapata usumbufu wa kusikiliza habari za plagi iliyokufa, cheni iliyokatika, na siku ambayo abiria hawakupatikana. Lakini pia anapata kitu ambacho fedha ya kutumiwa haina: anakuwa tajiri wa mtu, kwa maana ile ya zamani ya neno tajiri, yaani mwenye chombo, na kijana humjia yeye kwa salamu na maelezo.

Marcel Mauss, mwanasosholojia wa Ufaransa, alionyesha katika utafiti wake maarufu wa mwaka 1925 kwamba katika jamii nyingi zawadi huwa na wajibu wa aina tatu, wa kutoa, wa kupokea na wa kurudisha, na kwamba anayepokea bila kuweza kurudisha hushuka hadhi. Kwa kipimo hicho, hatari ya zawadi kubwa kwa mzazi ni kwamba inaweza kumnyamazisha. Asiye na cha kurudisha hubaki na kushukuru tu, na kushukuru kila siku kunachosha. Pikipiki ina sifa adimu ya kumpa mpokeaji uwezo wa kurudisha. Kwa chombo hicho baba huyohuyo wa Mbinga atampeleka mke wa jirani zahanati usiku, atawapa vijana kazi ya kuiosha, na siku moja atafika stendi na gunia la maharage alilolifunga kwa mipira, alipakie kwenye basi liende kwa mwanawe mjini, ambaye atalipokea akijua kwamba maharage sokoni kwake yanapatikana kwa bei rahisi kuliko gharama ya kuyasafirisha, na atakuwa na akili ya kutolisema hilo.

Kuna upande mwingine, nao si mdogo. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa na mtandao wa Cochrane mwaka 2008 yalikadiria kwamba kofia ngumu hupunguza hatari ya mpanda pikipiki kufa ajalini kwa takriban asilimia 42, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Ni takwimu zinazofariji kwa kiasi tu, kwa kuwa zinakumbusha pia hatari inayobaki hata kwa aliyevaa. Anayemnunulia mzazi pikipiki amemnunulia uwezekano wa kuanguka katika barabara ya udongo mwekundu mwezi wa Machi. Hapa hoja ya kurudisha inapata maana ambayo Seneca hakuigusa. Mzazi alimwachia mtoto aende shule peke yake, avuke mto, apande gari la watu asiowajua, na kila mara alibaki nyumbani na hofu ambayo hakuitaja. Sasa hofu hiyo imehama. Mtoto anapopiga simu saa mbili usiku na simu isipokelewe, analala na kitu ambacho mzazi alilala nacho kwa miaka mingi, na huenda hicho, kuliko chuma chenyewe, ndicho kinacholingana kwa sura na kile alichopewa.

Lakini jambo zima hukamilika au kuharibika kwenye kadi, yaani hati ya usajili yenye jina la mmiliki. Pikipiki nyingi zinazosemwa kuwa za wazazi hubaki katika majina ya watoto, wakati mwingine kwa uvivu wa kufuatilia uhamisho, wakati mwingine kwa tahadhari. Fiqhi ya Kiislamu kuhusu hiba, yaani utoaji wa mali bila malipo, inataka kuwe na tamko la kutoa, kupokea na kukabidhi. Na katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, mzazi anaweza kuchukua tena alichompa mwanawe, ilhali mwana hawezi kuchukua tena alichompa mzazi kikishakabidhiwa. Kutolingana huko, kunakofanana na kule kwa Aristotle, kuna matokeo ya kila siku. Baba akiiazimisha pikipiki kwa mpwa ambaye mtoto hampendi, au akiiuza katika mwaka wa ukame ili kitinda mimba aripoti chuoni kwa wakati, ameitumia kama mwenyewe, na ametenda lile alilokuwa akilitenda kabla mtoto hajaanza kupata mshahara. Aliyeitoa atasikia habari hizo kwenye simu, pengine kutoka kwa mtu mwingine, na ataanza kuhesabu miezi ya mkopo iliyobaki.