Mia Saba Wasiokosa Unywele

Somo: Waamuzi 20:16



Fungueni sura ambayo sisi wahubiri huipita kwa ncha za vidole. Kabila la Benyamini lilikuwa na mashoto 700, watu wateule, na kila mmoja wao aliweza kulenga unywele kwa kombeo asiukose. Unywele! Sisi wakulima wa Nyakahanga tukimtupia jiwe ngedere aliyeingia kwenye mahindi, tunashukuru jiwe likielekea upande alioko ngedere. Wale walikuwa mafundi. Kama siku zile kungekuwa na vikombe na medali, mji wao wa Gibea wote usingepata kabati la kuvitosha.

Usifunge kitabu bado. Soma mpaka mwisho wa sura. Siku ya kwanza Benyamini waliangusha watu 22,000 wa Israeli. Siku ya pili wakaangusha 18,000. Siku ya tatu wakatoka mbio tena, wamelewa ushindi, wasijue kwamba nyuma yao mji umeshaingiwa. Walipogeuka waliona moshi. Kufika jioni walikuwa wamekufa zaidi ya 25,000, na wanaume 600 tu ndio waliokimbilia mwamba wa Rimoni wakajificha miezi minne. Ufundi wa wale 700 haukuuokoa hata mji mmoja. Tena walikuwa wanawakinga nani? Walikuwa wanawakinga wahuni wa Gibea waliombaka mwanamke usiku kucha hadi akafa! Jiwe lilikwenda palepale lilipotumwa. Aliyelituma ndiye aliyekosa.

Wenye kusoma Kiebrania wanatuambia kwamba neno lililotumika pale kwa kukosa shabaha lina shina moja na neno la kutenda dhambi. Na Kiswahili chetu nacho kimeliweka hivyohivyo: mtu hukosa shabaha, na mtu humkosea Mungu. Kosa ni lilelile.

Leo nasema nawe ndugu yangu mwenye leseni ya bastola, unayeiweka chini ya mto. Nasema nawe mlinzi wa ghala la kahawa, nawe kijana wa mgambo, nawe mzee mwenye gobole lililofungwa kwenye gunia darini ukidhani hakuna anayelijua. Sikuja kukuambia kwamba hakuna hatari. Mimi ni mtu wa Kagera. Nakumbuka mwaka 1994, wakimbizi wa Rwanda walipojaa Ngara na hapa Karagwe, na jinsi bunduki nazo zilivyovuka mpaka kwa njia za panya. Nakumbuka miaka ambayo basi halikupita pori la Kasindaga bila askari kulisindikiza. Mtu akisema anaogopa kulala, simcheki. Namuuliza swali moja tu: umejiandaa kwa ajili ya nini?

Maana kuna maandalizi ya namna mbili, na watu wengi wanayachanganya.

Kuna mchezo unaoitwa shabaha za vitendo. Shirikisho lake la kimataifa, IPSC, lilianzishwa mwaka 1976 kule Columbia, jimbo la Missouri, Marekani, na rais wake wa kwanza alikuwa Jeff Cooper, ofisa wa zamani wa jeshi la Marine. Majirani zetu wa Kenya wanao uwanja wa shabaha Kirigiti, Kiambu. Mpiga shabaha anasimama, kifaa kidogo kinalia, naye anakimbia kutoka kizuizi hadi kizuizi akipiga matageti ya boksi la kahawia. Pointi zake zinagawanywa kwa sekunde alizotumia. Ni kazi ya mikono na macho inayopendeza kuitazama, na sitamtukana mtu anayeipenda. Hata wao wana matageti meupe ambayo ukiyagonga unakatwa pointi, kwa hiyo usidhani ni watu wasiojali.

Lakini sikiliza kaulimbiu yao, maneno matatu ya Kilatini: usahihi, nguvu, kasi. Nimeyageuza maneno hayo juu chini. Hukumu haimo.

Tena kabla ya kupiga, mshindani huruhusiwa kupita uwanjani akaukague. Anahesabu matageti, anachagua atakaposimama na atakapobadili magazini. Anajua tayari lipi jeupe na lipi la kahawia. Na wenyewe kwa wenyewe waliliona tatizo. Mwaka 1996, miaka 20 baada ya Missouri, baadhi yao walijitenga wakaanzisha chama kingine, IDPA, wakisema mchezo umemeza kusudi: bastola zimekuwa za mashindano, mifuko yake ni ya mashindano, na mtu wa kawaida anayetaka kujikinga amesahauliwa. Hicho chama kipya nacho kinatoa medali. Ndivyo tulivyo wanadamu.

Wapendwa, usiku wa Nyakahanga haukupi nafasi ya kukagua uwanja!

Niwasimulie. Nilipokuwa kijana nilipitia mafunzo ya mgambo. Miezi ya kwanza tulibeba bunduki za mti, tukakimbia nazo mpaka mabega yakachubuka, na siku ya renji nilipewa risasi tano. Zote tano niliziweka mahali ambapo kiganja cha mtoto kingezifunika. Mkufunzi akanisimamisha mbele ya wenzangu, nami nikatembea wiki nzima kana kwamba nchi hii inalindwa na mimi.

Miaka ikapita. Msimu mmoja wa kahawa, wezi walikuwa wanapita usiku wakikomba buni kwenye majamvi, na jirani mwenye shotigani ya leseni akaniachia niilinde nyumba yake na yangu. Sheria haikumruhusu kuniachia wala mimi kuipokea, nalitubu hilo hapa mbele yenu. Betri za tochi zilikuwa zimekufa. Saa nane hivi mbwa akabweka mara moja, akanyamaza. Migomba ikatikisika upande wa chini. Nikainuka, nikaweka kitako begani kama nilivyofundishwa, pumzi nikaibana, kidole kikaenda kwenye traiga chenyewe, sikukituma. Kiumbe kikatoka kwenye majani kikija kwangu mbio. Sikusema neno. Nacho hakikusema neno.

Kilichoniokoa ni jiwe. Kile kiumbe kilijikwaa, kikaanguka kifudifudi, kikalia kwa sauti ya mtoto. Alikuwa mtoto wa jirani wa tatu, wa miaka kumi na mbili. Buti moja la mvua lilikuwa mguuni na jingine mkononi, maana lilinasa kwenye tope naye hakutaka kuliacha akachapwa. Mama yake alikuwa ameshikwa na uchungu, naye mtoto alitumwa aje aniamshe tukambebe kwa machela hadi Hospitali ya Nyakahanga. Hakuita kwa sababu pumzi zilikuwa zimemwishia. Na mimi sikuuliza kwa sababu hakuna siku hata moja, tangu bunduki ya mti mpaka zile risasi tano, niliyofundishwa kuuliza.

Risasi tano kwenye kiganja cha mtoto! Nimeirudia sentensi hiyo magotini mara nyingi.

Sasa msidhani namlaumu mkufunzi wangu, alifundisha alichopewa kufundisha. Na historia yetu wenyewe inashuhudia kwamba renji na vita ni vitu viwili. Mwishoni mwa 1978 jeshi la Amin wa Uganda lilivuka mpaka, likakalia ng'ambo ya kaskazini ya mto Kagera, likalibomoa daraja la Kyaka. Taifa likaita mgambo kwa maelfu, watu wa jembe na nyavu. Tarehe 10 Machi 1979, jeshi letu likiwa limeshaingia Uganda, kule Lukaya, Brigedi yetu ya 201, ambayo karibu yote ilikuwa mgambo wasiowahi kuonja vita, ilimiminiwa roketi za Katyusha na Walibya waliokuja kumsaidia Amin. Roketi nyingi zilipita juu ya vichwa vyao. Mlio ule peke yake ulitosha: safu ikavunjika, watu wakakimbia gizani. Je, hawakujua kulenga? Walijua. Masikio yao ndiyo hayakuwa yamefundishwa. Wakakusanywa, na kesho yake, Brigedi ya 208 ikizunguka ubavuni, wanaume walewale walirudi wakashinda. Mwezi mmoja baadaye Kampala ilikuwa imeanguka. Siwasimulii haya kuwaaibisha wazee wetu, Mungu apishe mbali. Nawasimulia kwa sababu waliokimbia na walioshinda walikuwa watu haohao, na kati ya siku hizo mbili hakuna aliyefundishwa upya kulenga.

Au tazameni Nairobi, jengo la maduka la Westgate, Jumamosi ya tarehe 21 Septemba 2013. Al-Shabaab waliingia na bunduki za kivita, na watu 67 wakauawa. Miongoni mwa waliokuwa wa kwanza kuingia kuokoa walikuwa raia wenye leseni, wenye bastola tu, pamoja na polisi wachache wa nguo za kawaida. Mmoja wao, Abdul Haji, baadaye seneta wa Garissa, alikwenda kwa sababu ndugu yake alikuwa amenasa mle ndani. Ulimwengu unamkumbuka kwa picha ya mtoto wa kike anayekimbia akimnyooshea mkono. Mama alikuwa amejibanza na watoto wake, risasi zikiendelea, na yule bwana alimwomba kwa sauti amruhusu mtoto mkubwa akimbie kuja kwake. Hebu fikirini! Bastola iko mkononi, na kilichomtoa mtoto ni mdomo uliomwita. Siku hiyohiyo, jengo hilohilo, vikosi vya serikali vilivyokuwa havijawasiliana vikarushiana risasi vyenyewe kwa vyenyewe, na kamanda wa kikosi maalumu cha polisi akafa. Wote wale walikuwa wapigaji wazuri. Hakuna aliyeulizwa "nani wewe" kwa wakati.

Mungu tunayemwabudu anajua yote, hata hivyo bustanini alimuuliza Adamu yuko wapi. Kilio cha Sodoma kilipomfikia, Mwanzo 18:21 inasema alishuka kwanza aone kama ni kweli. Yeye ambaye hahitaji tochi! Nawe ambaye betri zako zimekufa unahukumu kwa kishindo cha majani?

Na serikali nayo imesema. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 18B, inakuruhusu kujikinga, kumkinga mwenzako na mali yako, kwa nguvu inayohitajika na isiyozidi hapo. Ukizidisha ukaua, umeua bila kukusudia, na utalijibu mahakamani. Hakimu hatauliza una medali ngapi.

Kwa hiyo acha kujidanganya na karatasi yenye matundu uliyoitundika sebuleni. Kama umechagua kumiliki silaha, fanya mazoezi yanayofanana na usiku wako. Silaha ikiwa tupu, risasi zimefungiwa chumba kingine, panda kilima mbio mpaka moyo ukupige masikioni, kisha jaribu kusema "Simama, nani wewe?" kwa sauti ambayo mtoto ataielewa. Utashangaa. Utatoa mkwaruzo. Rudia mpaka yawe maneno. Jua kila anayelala nyumbani mwako analala wapi, na ukuta upi ni wa tope ambao risasi haiuoni. Jifunze kufunga mlango, ukabaki ndani, ukapiga yowe majirani waamke. Jifunze kufunga jeraha linalovuja damu. Mazoezi haya hayana watazamaji, ndiyo maana hatuyapendi.

Mzee wangu mwenye gobole, sijakusahau. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haikutambui, na gobole lako halimtambui mwizi wala mjukuu. Serikali imewahi kufungua mlango wa msamaha kwa wanaosalimisha kwa hiari, ilifanya hivyo Septemba na Oktoba 2023. Mlango wa namna hiyo ukifunguliwa tena usiwe wa mwisho kufika. Kama unaona haya, njoo kwangu. Nitakwenda nawe mguu kwa mguu hadi kituoni, nami nitatangulia kusema.

Na wewe kijana mwenye jicho kali, usiyekosa, nakupenda. Nenda kashindane ukipenda, rudi na kikombe, tutakupigia makofi baada ya ibada. Ila leo jioni kabla hujafunga mlango, waite wanao. Kubalianeni neno moja, neno fupi, ambalo yeyote kati yao akija usiku atalitamka kwanza, hata kama pumzi zimemwishia. Na wewe uape mbele yao kwamba hutagusa traiga kabla hujauliza, ukangoja kusikia jibu.