Mzazi aliyefiwa na mwenzake tusimnyamazishe

SHUKURANI zote anastahiki Allah (s.w.), aliyeumba mauti na uhai. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba wake.

Ndugu Waislamu, sisi wakazi wa mijini tuna tabia moja ambayo hatuna budi kuizungumza. Akifariki baba, watoto hukusanyika kutoka kila upande. Siku ya tatu mikeka inakunjwa, na jioni ile ile kinafanyika kikao: mama atakwenda kukaa kwa nani? Mmoja yuko Dar es Salaam, mwingine Arusha, na kila mmoja ana kazi inayomsubiri. Mama hakuulizwa, anaona tu begi lake linafungwa. Nguo za marehemu zinagawiwa, na nyumba waliyoishi pamoja miaka 40 inatiwa kufuli. Watoto wanaondoka na mama yao, wakiamini wametenda wema.

Nia ni njema, sikatai. Lakini tujiulize, sharia inasemaje?

Mwenyezi Mungu (s.w.) katika Qur’an (2:234) amemuwekea mjane eda ya miezi minne na siku kumi. Bi Furay’a bint Malik (r.a.) alipouliwa mumewe, alikwenda kwa Mtume (s.a.w.) kuomba arudi kwa jamaa zake. Mtume (s.a.w.) alimuamuru abaki katika nyumba yake mpaka eda iishe. Hadithi hiyo wameipokea Abu Daud na Tirmidhi, na wanazuoni wengi wameichukua kuwa hoja kwamba mjane hukalia eda nyumbani kwake, ila pakiwa na dharura kama kukosa usalama. Likizo ya mtoto kumalizika si dharura. Anayepaswa kufunga begi ni mtoto, wapangiane zamu na ndugu zake za kwenda kulala kwa mama.

Tuitazame pia hekima ya muda huo. Bi Umm Habiba (r.a.), mke wa Mtume (s.a.w.), alipopata habari ya kifo cha baba yake, Abu Sufyan, alisubiri siku tatu kisha akaagiza manukato akajipaka. Akaeleza kuwa hakuwa na haja nayo, ila alimsikia Mtume (s.a.w.) akikataza mwanamke kumkalia matanga maiti yeyote zaidi ya siku tatu, isipokuwa mume, ambaye ni miezi minne na siku kumi. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Baba mzazi siku tatu, mume zaidi ya siku mia moja na ishirini! Basi sisi watoto tusimpimie mama huzuni yake kwa kipimo cha huzuni yetu.

Ama baba akifiwa na mkewe, mambo huwa magumu zaidi, kwani mwanamume hana eda na watu hudhani hana msiba. Katika mtaa ninaoishi yupo mzee mmoja mjane. Baada ya sala ya Isha hubaki barazani msikitini hata wenzake wote wameondoka. Siku moja nilimuuliza, “Mzee wangu, huendi kupumzika?” Akanijibu, “Mwalimu, mwanangu, nikawahi nini? Hakuna tena wa kuniuliza nimechelewa wapi.” Watoto wake wanamtumia fedha kila mwezi, na chakula hakosi. Lakini kila akimtaja mama yao wanageuza mazungumzo, eti wasimkumbushe. Kwani amesahau?

Watoto wa Nabii Yaaqub (a.s.) nao walimlaumu baba yao kwa kutoacha kumtaja Yusuf, wakamwambia atajiangamiza. Naye akajibu kuwa huzuni yake anamshitakia Allah (12:85-86). Hakuacha kuwa mtu wa subira kwa kulia kwake. Subira si kunyamaza. Kilichokatazwa ni kuomboleza kwa makelele, kuchana nguo na kusema yasiyomridhisha Mola.

Mfano ulio bora kabisa ni wa Mtume (s.a.w.) mwenyewe. Aliishi na Bi Khadija (r.a.) kiasi cha miaka 25, na mwaka aliofariki, wa 10 wa Utume, umekuja kuitwa Mwaka wa Huzuni. Alioa tena, lakini hakuacha kumtaja. Bi Aisha (r.a.) amesimulia kuwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akichinja mbuzi, akikata vipande na kuwapelekea marafiki wa Khadija. Alipobisha hodi Hala, dada yake Khadija, ule uombaji wake wa ruhusa ulimkumbusha mkewe, akaguswa moyoni. Na baada ya Badr, binti yake Zainab alipotuma kidani alichopewa na mama yake ili kumkomboa mumewe, Mtume (s.a.w.) alikitambua na akajawa na huruma kubwa. Akawaomba masahaba, wakiona inafaa, wamwachie mateka wake na wamrudishie mali yake. Wakakubali.

Huyo ni Mtume wa Allah, na kidani tu kilimgusa hivyo. Sisi ni nani hata tutupe kanga na kofia kabla mzazi hajaamua?

Basi ndugu zangu, tumkalishe mzazi atusimulie walivyooana. Rafiki za marehemu tuwapelekee chakula kwa jina lake. Mama tumpe thumni yake iliyotajwa katika Qur’an (4:12), hiyo ni haki yake wala si hisani yetu. Na baba akitaka kuoa tena, tusimzuie kwa kuhofia mirathi.

Tunamuomba Allah (s.w.) awarehemu wazazi wetu waliotangulia, awape faraja waliobaki, na awakutanishe Peponi. Amin.