Ng'ombe Apigaye Pembe
Somo: 2 Mose 21:18-19 na 28-30



Torati yatupa habari ya ng'ombe aliyemwua mtu kwa pembe. Ikiwa hakujulikana kuwa mkali, mwenyewe hana hatia. Lakini ikiwa mwenyewe alikwisha kuonywa, naye asimfunge, hatia ni yake, wala hawezi kusema, "Si mimi, ni ng'ombe." Sisi watu wa Bukoba na Muleba twalielewa neno hili upesi, maana twawajua ng'ombe wenye pembe ndefu, na kila mchungaji amjua yule asiyefaa kuachwa karibu na watoto.

Siku hizi gari ni ng'ombe, na pikipiki ni ng'ombe. Nayo lubisi na gongo ndizo zinazomfungua kamba. Mtu anywaye kisha akashika usukani hawezi kusema hakuonywa. Ameonywa na Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, ameonywa na mkewe, ameonywa na makaburi ya jirani zake. Basi akimgonga mtu, tusiseme, "Ni mpango wa Mungu." Tusimbebeshe Mungu kosa la kibuyu.

Nami ninalo neno la kuungama. Miaka iliyopita, katika usharika niliokuwa nikiutumikia, mama mmoja mjane aligongwa na pikipiki akitoka sokoni. Kijana aliyeiendesha alikuwa amelewa. Mguu wa mama ukavunjika vibaya, asiweze kulima tena. Wazee wakakutana, upande wa kijana wakaleta fedha kidogo na kibuyu cha kupatana, nami nikaitwa niombe. Nikamwambia mama, "Samehe, Bwana atakulipa." Akasamehe kwa kweli. Tukaimba, tukaenda zetu, kila mtu kwa mguu wake mzima.

Baadaye mtu ajuaye sheria akanieleza kwamba mama angaliweza kudai fidia mahakamani, na kwamba pikipiki ile ilikuwa na bima. Lakini miaka mitatu, ambayo ndiyo muda wa kufungua madai ya namna hii, ilikuwa imekwisha kupita. Yule kuhani wa mfano wa Bwana alimwona majeruhi akapita kando. Mimi nilisimama, nikaomba, kisha nikapita kando.

Basi tulisikilize Neno. Aliyempiga mwenzake hata akalala kitandani, asema Mose, ndiye atakayemlipa siku zake alizopoteza na kumwuguza mpaka apone. Tena katika 4 Mose 5:7 mkosaji aagizwa kuungama, kisha kulipa deni lote, na sehemu ya tano juu yake. Zakayo naye hakumpokea Bwana kwa maneno matupu, alifungua mfuko. Wazee wetu walioguswa na uamsho wa Buhaya, ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1930, walilijua jambo hili: waliungama dhambi zao, wakarudisha na vitu walivyoviiba. Kusamehe ni kazi ya aliyeumizwa, kulipa ni kazi ya aliyeumiza. Kazi ya mmoja haifuti kazi ya mwenziwe.

Labda mwalimu mmoja atauliza, "Je, Paulo hakuwakataza Wakorinto kushtakiana?" Ndiyo, aliwaaibisha kwa kukosa hata mtu mmoja mwenye hekima wa kuamua kati ya ndugu. Basi wazee wakitaka kuamua, waamue haki yote, si nusu yake. Paulo huyo huyo, haki yake ilipotaka kuuzwa ili watu wapendezwe, alikata rufani kwa Kaisari. Na mjane anayedai bima hamchukii ndugu yake; adai kile ambacho sheria ya nchi iliagiza kiwekwe tayari kwa ajili ya watu kama yeye.

Kwa hiyo, enyi walimu na wazee wa makanisa, jirani akigongwa, mpelekeni hospitali upesi, na habari ifike polisi, ili apewe hati iitwayo PF3, na dereva apimwe kileo kabla hakijatoka mwilini. Andikeni namba ya chombo, jina la kampuni ya bima, na majina ya walioona. Tunzeni kila stakabadhi ya dawa na ya safari. Jueni pia kwamba faini atozwayo mlevi huenda Serikalini. Hiyo peke yake haimlimii mjane shamba lake, bali madai ya fidia ni neno la pili. Mgonjwa asitie dole gumba katika karatasi ya mapatano asiyoielewa. Asiye na fedha za wakili asikate tamaa, kwa kuwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwekwa kwa ajili ya wasio na uwezo. Wala msingoje, maana miaka mitatu hupita kama msimu wa senene.

Nawe unywaye kisha ukaendesha, mfunge ng'ombe wako leo. Na kama alikwisha kumpiga mtu, usije madhabahuni na wimbo tu. Nenda kwanza kwa yule mwenye mkongojo, ukalipe.

Yule mama yu hai. Kila Jumapili namsikia akija, mkongojo wake ukigonga sakafu ya kanisa, nami nausikia kama mahubiri. Bwana atusamehe sisi wachungaji, atufundishe kusema kwa ajili yao wasioweza kusema. Amina.