Shahidi wa Ndoa Yangu

Shangazi alikuwa ameshapiga pasi vitenge. Viti vya plastiki vilikuwa vimeazimwa kwa jirani, kuku wawili walikuwa wamefungwa miguu nyuma ya jiko, na kaka yangu alikuwa anahangaika na koti alilolivaa Desemba 2022, ambalo sasa halifungi. Tulikuwa tunajiandaa kurudia posa yangu.

Posa ya kwanza haikuwa na kasoro. Wazee walikuja, wakazungushana maneno kwa saa mbili kama inavyotakiwa, mahari ikatajwa, ikapunguzwa, watu wakala. Kasoro yake ni moja tu: haina picha. Simu iliyopiga picha zote iliibwa stendi ya Nyakanazi siku nne baadaye, tulipokuwa tunamsindikiza mwenyewe akapande ndege Mwanza. Siku ile tulicheka. Nani angejua kwamba kuna ofisa katika nchi nyingine ambaye ipo siku angetaka kuwaona wale wazee wamekaa kwenye vile viti?

Mume wangu anaishi Ohio. Ni raia wa Marekani, lakini alizaliwa Lukole, kambi ya wakimbizi iliyokuwa hapa Ngara, umbali wa kutembea kwa miguu kutoka kwetu. Wazazi wake walikuwa miongoni mwa Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 na ambao, kwa kuwa walikimbilia nchi ambazo nazo ziliwaka moto, walijikuta wanakimbia tena na tena hadi wakafika Tanzania. Kuanzia 2007 Marekani ilichukua maelfu ya watu wa kundi hilo kutoka kambi za Ngara, Kibondo na Kasulu. Mama yangu alikuwa akipeleka ndizi kwenye soko la kambini na kurudi na mafuta ya kula ya msaada. Aliyekuwa akimuuzia mafuta hayo ndiye mama mkwe wangu wa leo. Mimi na kijana wake tulikuwa tunacheza chini ya meza ya biashara. Wakaondoka. Tulipokutana tena mtandaoni tulikuwa watu wazima, na mazungumzo yetu ya kwanza yalikuwa kama yale ya chini ya meza, kwa Kihangaza changu na Kirundi chake, ambazo ni lugha zinazosikilizana kama ndugu.

Sasa ili nimfuate amejaza fomu inayoitwa I-130. Maelekezo yake yanataka ushahidi kwamba ndoa yetu ni ya kweli: hati za mali tunayoimiliki pamoja, mkataba wa nyumba tunayopanga pamoja, uthibitisho wa fedha tulizochanganya, vyeti vya kuzaliwa vya watoto wetu, viapo vya watu wanaoifahamu ndoa hiyo, na kingine chochote tunachoona kitafaa. Cheti cha ndoa tunacho, lakini cheti kinathibitisha kwamba tulifunga ndoa tu. Hatujapanga nyumba pamoja kwa sababu hatuishi pamoja, na hatuishi pamoja kwa sababu hatujathibitisha kwamba tuko pamoja. Mtoto bado. Fedha tunazochanganya ni zile anazonitumia kwa simu, na mimi nazichanganya na nauli ya daladala.

Sisemi kwamba wanauliza bila sababu. Ndoa za karatasi zipo, na sote tunamfahamu mtu anayemfahamu mtu. Bunge la Marekani lilitunga sheria mahsusi kuhusu udanganyifu wa ndoa mwaka 1986, na tangu hapo mtu ambaye ndoa yake haijatimiza miaka miwili siku anapopewa ukaazi hupewa wa masharti, kisha miaka miwili ya masharti inapokaribia kwisha wenzi hao hurudi kuthibitisha upya kwamba bado wanapendana, au angalau bado wanalipa bili pamoja.

Aliyetushauri kurudia posa ni kishoka mmoja wa Dar es Salaam anayewasaidia watu kupanga mafaili. Alisema kwa upole, kama daktari: "Dada, jambo lilitokea kweli. Unachotengeneza ni picha tu." Shangazi alipoambiwa aliona ni neno la hekima kabisa. Si lilitokea? Basi turudie, tupige picha, tule kuku.

Nasoma falsafa, shahada ya umahiri, kwa hiyo ilinibidi niumie kichwa pale ambapo mtu mwingine angevaa tu kitenge. Ushahidi wa uongo kuhusu jambo la kweli ni uongo? Anayeitazama picha ile ataamini kwamba nilichumbiwa mbele ya wazee, naye atakuwa ameamini ukweli. Ataamini pia kwamba picha ni ya Desemba 2022, na hapo atakuwa amedanganywa. Lakini hiyo tarehe yeye haimhusu; anaitafuta ndoa. Nikimdanganya kwenye dogo ili asidanganyike kwenye kubwa, nimemkosea nini?

Immanuel Kant aliandika mwaka 1797 kwamba kusema uongo ni kosa hata mbele ya muuaji anayebisha hodi kumuulizia rafiki uliyemficha ndani. Tuliposoma hoja hiyo darasani wenzangu walicheka. Kwao muuaji anayebisha hodi ni mtu wa vitabuni. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimeshawaona watu wakibisha hodi.

Julai 2013 Rais Jakaya Kikwete, akiwa ziarani Kagera, alitoa wiki mbili kwa wahamiaji wasio na vibali kuondoka. Septemba ikafuata Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Waliotoka wenyewe na waliotolewa walikuwa makumi ya maelfu, wengi wakivuka kurudi Rwanda na Burundi, na baadhi yao walikuwa wameishi hapa miaka mingi, wameoa na kuolewa hapa. Serikali ilikuwa na hoja zake: ujambazi wa silaha barabarani, mifugo katika mapori ya hifadhi. Ujambazi ule haukuwa hadithi. Mabasi yalikuwa yakisindikizwa na polisi. Lakini mimi nilikuwa na miaka 13, na nilichokiona ni nyumba mbili.

Nyumba ya kwanza ni yetu. Mke wa baba mdogo alikuwa mmoja wa watu takriban 250,000 waliovuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda ndani ya saa 24 hivi mwishoni mwa Aprili 1994. Alikuwa msichana wakati huo. Wenzake waliporudishwa mwishoni mwa 1996 yeye alibaki, kwa sababu alikuwa ameshapata mahali. Wanaume wanne walipokuja kumuulizia, baba yangu, mtu ambaye hata uzito wa gunia la kahawa haongopi, aliwaambia: "Huyu ni mke wa mdogo wangu, kwao Karagwe."

Sentensi hiyo nimeibeba hadi chuo kikuu. Nusu yake ni kweli na nusu yake ni uongo. Kwamba ni mke wa mdogo wake haikuwasisimua wale wanaume hata kidogo. Kilichomwokoa ni Karagwe.

Nyumba ya pili ni ya mama mmoja jirani yetu. Mumewe alikuwa Mrundi. Yeye, walipomuuliza, hakuongopa. Alisema: "Ni Mrundi, ni mume wangu, tuna watoto wanne." Walisikiliza hadi neno la tatu. Kilichofuata baada ya hapo, yaani ndoa na watoto wanne, hakikuwa jibu la swali lao.

Ndiyo maana nashindwa kukubaliana moja kwa moja na wanaosema kwamba ubaya wa ubalozi ni kuuliza. Kweli inadhalilisha kumwonyesha mgeni ujumbe ulioandikiwa saa saba usiku. Nimeyapitia mazungumzo yetu ya miaka mitatu nikichagua ya kuchapisha, na nimegundua kwamba yale yanayofaa kuwa ushahidi ni yale tusiyoyathamini, na yale tunayoyathamini ni vicheko vya herufi tano visivyothibitisha chochote. Lakini anayekuuliza kama ndoa yako ni ya kweli amekubali, walau kwa muda wa mahojiano, kwamba ukweli wa ndoa yako una uzito. Mwaka 2013 hapa kwetu swali hilo halikuulizwa. Na hatukuulizwa kwa lugha ya kigeni. Ni Kiswahili hiki hiki.

Wala Marekani isipewe sifa isizostahili. Juni 2024 Mahakama Kuu ya Juu ya huko iliamua, katika kesi ya mwanamke anayeitwa Sandra Muñoz ambaye mumewe kutoka El Salvador alinyimwa viza, kwamba raia hana haki ya msingi kikatiba ya kutaka mwenzi wake asiye raia aruhusiwe kuingia nchini. Ana haki ya kuoa na kuolewa. Haki ya kukaa na aliyemwoa katika nchi yake mwenyewe ni jambo jingine. Nilipousoma uamuzi huo nilijiuliza ndoa ambayo haina pa kukaa ni ndoa ya namna gani, kisha nikamkumbuka yule mama jirani, ambaye angeweza kunijibu bila kufungua kitabu.

Sheria zetu, kwa upande wake, zina mambo mawili yanayopingana ajabu. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 160, inasema mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi hadi wakajulikana kuwa ni mume na mke, itachukuliwa kwamba wameoana mpaka ithibitishwe vinginevyo. Nakipenda sana kifungu hiki. Kinawapa majirani kazi: ndoa ni kitu ambacho watu wanakijua. Halafu ipo Sheria ya Uraia ya 1995, inayompa mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mtanzania njia ya kuomba uraia kwa sababu ya ndoa hiyo, na isiyompa mwanamume wa kigeni aliyemwoa Mtanzania njia kama hiyo. Kwa hiyo mke wa baba mdogo, aliyeokolewa na uongo, alikuwa na mlango wa kisheria ambao hakuna aliyewahi kumwonyesha. Na mume wa jirani, aliyeponzwa na ukweli, hakuwa nao.

Turudi kwenye kuku. Walichinjwa, maana walikuwa wameshafungwa. Picha hazikupigwa, na ningependa kusema ni Kant aliyenizuia. Ukweli ni kwamba shangazi alipopanga viti aliacha kimoja katikati na kuuliza, "Hapa anakaa nani?" Hapo ndipo alipokaa mzee aliyeniombea kwa niaba ya ukoo wa mume wangu, mkimbizi wa zamani aliyebaki Ngara, mcheshi, aliyesema amekuja kutafuta mche wa mgomba uliopotelea kwetu. Alifariki mwaka jana. Kaka akajitolea kukaa yeye na koti lake lisilofungwa. Shangazi alimtazama, akakitazama kiti, akaenda kukirudisha kwa jirani. Tulikula bila kuongea sana.

Mume wangu hakufurahi. Aliniambia kwa simu kwamba wazee wetu walipita mipaka mitatu kwa majina ya kukopa, na mimi nashindwa kwa sababu ya kiti. Sikuwa na jibu zuri. Bado sina. Inawezekana msimamo wangu ni anasa ya mtu ambaye hakuna aliyekuja kumtoa kitandani alfajiri. Na tukinyimwa, yeye ndiye atakayekuwa amelipia.

Badala ya picha niliamua kutafuta viapo, na mtu wa kwanza aliyenijia akilini ni yule mama jirani, kwa kuwa alitufahamu sote wawili tangu meza ya sokoni. Siku hizi anaishi kwao, Nyakahura, wilaya ya Biharamulo, pembeni ya barabara ya malori yaendayo Rwanda na Burundi. Nilimkuta anamenya mihogo. Nikamwamkia, tukaulizana habari za nyumbani, kisha nikamweleza shida yangu kwa aibu: mama, nimekuja kukuomba uniapie kwamba nimeolewa.

Akauliza, "Hao Wazungu wanataka kujua?"

"Ndiyo, mama. Wameuliza."

Aliendelea kumenya muhogo hadi ukaisha. "Mimi nilisema bila kuulizwa," akasema. Hakuongeza neno. Akaingia ndani kubadili nguo.

Tulipanda gari hadi Biharamulo mjini, kwa wakili mmoja mwenye ofisi ya chumba kimoja. Njiani alinieleza kwamba mumewe yuko hai, upande wa Muyinga, na kwamba miaka ya mwanzo walikuwa wanakutana siku za soko kule mpakani Kabanga, kisha nauli ikapanda, kisha mtoto wa pili akaanza kwenda badala yake. Hakulia, wala hakuonekana kama anayesimulia jambo la kusikitisha. Alikuwa ananitajia bei za nauli.

Wakili alikuwa kijana wa umri wangu. Aliandika kila alichoambiwa: kwamba alitufahamu tangu Lukole, kwamba alikuja kwenye posa na alikaa safu ya pili, kwamba kuku hawakutosha. Hilo la mwisho alitaka kulifuta, mama akakataa. Kisha akarudi juu ya karatasi kujaza nafasi zilizobaki. Jina. Umri. Dini. Makazi. Kazi, akaandika mkulima.

"Hali ya ndoa, mama? Niandike nini, mjane? Mmeachana?"

Mama alikuwa ameshashika kidau cha wino, dole gumba likiwa juu yake.

"Andika nimeolewa."