Hodi Usiku wa Kimbunga



Jumanne jioni mawingu yalishuka yakaufunika mlima wetu wa Kagugu, hapa Kigali, na kabla ya Magharibi mvua ilikuwa inayapiga mabati hata adhana haikusikika. Motari, waendesha pikipiki wetu, na abiria wao walijibanza chini ya paa la kituo cha mafuta. Mimi nilikaa dirishani, lakini moyo wangu ulikuwa Muscat, mwaka 2007.

Juni ya mwaka ule kimbunga Gonu kiliipiga Oman. Kule kuna mabonde makavu, wenyewe huyaita wadi, ambayo hukaa miezi na miezi bila tone la maji. Siku ile yalifurika, yakasomba magari, na watu wapatao 50 wakafariki. Nilikuwa na miaka 23, nimepanga chumba cha chini kule Ruwi. Umeme ulikatika, simu ikazimika, maji yakaanza kupenya chini ya mlango. Katika mji ule mzima hapakuwa na mtu aliyemjua mama yangu.

Nikaomba. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba dua ya msafiri ni katika zile zisizorudishwa, pamoja na ya aliyedhulumiwa na ya mzazi kwa mwanawe. Usiku ule nilielewa kwa nini: msafiri peke yake hana pa kuegemea ila kwa Mola wake, hana mjomba wala jirani wa kumchanganya moyo. Nikaahidi: Ya Rabbi, ukinifikisha kwetu salama, mgeni hatakosa mlango kwangu.

Haukupita muda nikasikia, “Hodi! Hodi humo ndani!” Kiswahili, katikati ya upepo ule! Alikuwa bibi mmoja wa ghorofa ya juu, mzaliwa wa Unguja, aliyehama na wazazi wake baada ya mapinduzi ya 1964. “Mwanangu, toka humo upande juu, chai ipo.” Hakuniuliza mimi nani.

Sasa nifike panaponiuma. Katika Suratul Israa, aya ya 67, Mwenyezi Mungu anawataja watu wanaofikwa na shida baharini, wakamsahau kila wanayemwomba isipokuwa Yeye. Akishawafikisha nchi kavu, wanampa mgongo. Aya hiyo nilikuwa naisoma kama habari za watu wengine. Nilirudi Kigali, nikaoa, nikajenga hapa hapa Kagugu, nikaweka geti la chuma. Kwa miaka mingi, hodi za wageni zilijibiwa na mlinzi, nami sikutoka kutazama.

Jamani, tazameni rehema ya dini yetu. Usiku wa baridi na mvua Mtume (s.a.w.) alimwamuru mwadhini atangaze kwamba watu waswali makwao. Je, yule ambaye kwao ni mbali, amepanga chumba asichojua kama mwezi ujao atakilipa? Mwenyezi Mungu amemtaja msafiri katika Suratut Tawba, aya ya 60, miongoni mwa makundi manane yenye haki katika zaka. Ni haki yake, si fadhila yetu. Na mitaani mwetu wapo: Warundi, Wakongo, vijana wa Sudani walioletwa na vita vilivyolipuka Khartoum Aprili 2023. Tunapeana nao salamu Ijumaa, kisha kila mtu anashika njia yake. Wanangojea nini kwetu? Hodi tu, kabla mvua haijapita.

Jumanne ile nilitoka na mwavuli. Vijana wawili wa Kisudani walikuwa wamesimama ukutani kwangu, mifuko ya vitabu kichwani. Nikafungua geti. Tuliswali Magharibi pamoja sebuleni, mke wangu akaleta chai ya tangawizi. Nikamwuliza mdogo wao habari za mama yake. Alikaa kimya kitambo, akashika kikombe kwa mikono miwili, kisha akaanza kusimulia, na Isha ilipoingia alikuwa bado hajamaliza.