Tuogope Hadithi Ipi?

Wazazi Wakristu wa Karagwe na Kyerwa, kama wenzao wa nchi nzima, wana swali ambalo halikomi: sinema za wachawi, za wanyama wasemao na za watoto warukao angani, je, zawafaa watoto wetu, au ni mlango wa kumkaribisha Mwovu nyumbani? Swali ni la haki. Zamani sinema ilikuja mara moja moja kwa gari la serikali, ikaonyeshwa uwanjani mbele ya wazee wote. Leo imo katika banda la video karibu na soko, ambamo mfasiri huigeuza kwa Kiswahili akiongeza na chumvi yake mwenyewe. Tena imo katika simu. Mama aliyeko shambani akichuma kahawa hawezi kujua mtoto wake ametazama nini tangu asubuhi.

Ili tusijibu kwa kubahatisha, na tutazame kisa kimoja ambacho kelele zake zimekwisha kupoa. Mwaka 1995 Mwingereza Philip Pullman alitoa riwaya ya maajabu iitwayo Northern Lights. Marekani wakaiita The Golden Compass. Ni ya kwanza katika riwaya tatu, na ya tatu ilitoka mwaka 2000. Yasimulia habari za msichana Lyra, katika dunia inayofanana na yetu lakini siyo yetu, ambamo roho ya kila mtu haikai ndani yake bali hutembea kando yake katika umbo la mnyama. Mtu angali mtoto, mnyama wake hubadilika-badilika: mara nondo, mara paka, mara ndege, akikua, mnyama hutulia katika umbo moja hata kufa. Jina la mnyama huyo katika Kiingereza lasikika kama jina la pepo wachafu, nalo peke yake lilitosha kuwatisha wengi. Katika dunia hiyo Kanisa ndilo litawalalo, na mwandishi ameipa mamlaka yake jina ambalo sisi Wakatoliki twalijua vema: Magisterium. Kundi moja lililo chini ya mamlaka hiyo huwaiba watoto, hasa watoto wa maskini, huwapeleka kaskazini kwenye barafu, na huko huwakata na kuwatenga na wanyama wao, ati kwa faida yao.

Kampuni ya New Line Cinema ilipoitoa sinema ya kitabu hicho mwezi Desemba 2007, vita ilikuwa imekwisha kuanza. Tangu Oktoba chama kimoja cha Wakatoliki wa Marekani, Catholic League, chini ya William Donohue, kilikuwa kimewataka Wakristu wasiitazame. Hoja yake ilikuwa hii: sinema yenyewe imepunguzwa makali, ila itawavuta watoto kuvitaka vitabu, na sumu imo vitabuni. Huko Ontario, Kanada, halmashauri ya shule za Kikatoliki za Halton iliviondoa vitabu hivyo katika rafu zake. Ofisi ya filamu ya Baraza la Maaskofu wa Marekani, kwa upande wake, ilitoa maoni yaliyoisifu sinema kwa kiasi. Siku chache baadaye maoni hayo yakaondolewa. Gazeti la Vatikano, L'Osservatore Romano, likaishutumu. Kumbe miaka mitatu kabla, yaani 2004, Rowan Williams, aliyekuwa Askofu Mkuu wa Canterbury wa Waanglikana, alikuwa ameusifu mchezo wa jukwaani uliotokana na vitabu hivyo hivyo, akaona wafaa kujadiliwa katika masomo ya dini! Na wasioamini nao walinung'unika, wakisema watengenezaji wameficha yale mwandishi aliyoyasema juu ya dini. Basi sinema ikawa kama chakula kilichopikwa kwa hofu ya wageni wote. Iligharimu dola kama milioni 180. Huko Marekani ilirudisha kama milioni 70 tu, ingawa nchi nyingine zilitoa zaidi, na sehemu ya pili na ya tatu hazikutengenezwa kamwe. Hata hivyo hadithi haikufa. BBC na HBO waliirudisha yote katika televisheni, tangu 2019 hata 2022, nayo sasa yafika popote ifikapo simu.

Sisi twasemaje? Hasira ya Wakatoliki wale haikuwa ya bure. Mwandishi mwenyewe hafichi kwamba haamini, na katika kitabu cha tatu yule aitwaye Mwenye Mamlaka, anayeabudiwa kama Mungu, aonekana mkongwe dhaifu anayetoweka kama moshi. Mzazi akikataa kumpa mtoto wa miaka kumi kitabu kile cha tatu, hajaitenda elimu dhambi. Baba na mama wana haki ya kuchagua kiingiacho nyumbani mwao, na Papa Pius XII aliikumbusha dunia wajibu huo katika barua yake juu ya sinema, redio na televisheni ya mwaka 1957.

Lakini kukataza kuna mipaka yake. Kanisa lilikuwa na orodha ya vitabu vilivyokatazwa kwa karne nne, nalo mwaka 1966 likaacha kuitumia kama sheria, likamwachia Mkristu dhamiri iliyofundishwa. Dhamiri iliyofundishwa ni kazi ngumu kuliko orodha. Orodha husomwa mara moja. Dhamiri hulelewa kila siku, mezani na kitandani, na mtu asiyesoma kitabu wala kutazama sinema hana cha kumfundisha mtoto juu yake isipokuwa hofu. Twakiri kwamba katika makelele yale ya 2007 wengi walikihukumu kitabu ambacho hawakukifungua.

Wala tusiseme kwamba ajabu yenyewe ndiyo dhambi. Katika kitabu cha Waamuzi miti yatafuta mfalme, na mti wa miiba wakubali. Punda wa Balaamu alisema. Na hapa kwetu je? Mwaka 1861, Waingereza Speke na Grant walipokaribishwa na Mfalme Rumanyika wa Karagwe, walisimuliwa kwamba baba yake, Ndagara, alipofariki, katika maiti yake walitoka funza watatu: mmoja akawa simba, mwingine chui, wa tatu fimbo. Walisimuliwa pia habari za ngoma ndogo iliyowekwa mbele ya wana watatu wa marehemu. Wawili hawakuweza kuiinua, na Rumanyika aliinyanyua kwa kidole. Tena kila ukoo una muziro wake, mnyama asiyeliwa wala kuguswa. Wahinda waliotawala Karagwe, mwiko wao ni tumbili. (Katika hadithi ya Pullman, bibi mmoja mzuri wa sura na mkatili wa moyo, ndiye awaibaye watoto, naye hufuatwa na tumbili wa rangi ya dhahabu. Wazee wetu wangekuwa na maneno mengi juu ya hilo.) Watoto waliolala wakisikia habari za simba yule wa Ndagara waliamka asubuhi wakaenda kuchota maji, hawakuacha kujua simba ni nini na mfalme ni nani. Hadithi ijulikanayo kuwa hadithi haimdanganyi mtu.

Sasa twafika penye uchungu, na twaomba msomaji asiruke hapa.

Katika kitabu kile Lyra amkuta mtoto mmoja aliyekwisha kutengwa na mnyama wake. Yumo katika kibanda cha kukaushia samaki, peke yake, na kwa kuwa hana tena mwenzi wa roho yake, ameshika kipande cha samaki mkavu, amekibana kifuani kama ndiye. Usiku ule afariki. Watu wazima wamnyang'anya maiti yule samaki, wakiona ni takataka, na Lyra awakasirikia vikali. Tumesoma mahubiri mengi juu ya watoto wadogo ambayo hayakutugusa kama ukurasa huo wa mtu asiyeamini.

Na miezi ile ile ya mwisho wa 2007 na mwaka 2008, Wakristu wa ng'ambo wakibishana kama ni halali kulipa kiingilio cha kutazama watoto wa hadithi wakikatwa, huku kwetu Kanda ya Ziwa watoto wa kweli walikuwa wakikatwa. Walikatwa mikono na miguu kwa kuwa ngozi yao haina rangi. Kulikuwa na hadithi iliyosema kwamba kiungo cha mwenye ualbino hutajirisha. Rais Kikwete aliisema aibu hiyo hadharani mwaka 2008, na Januari 2009 Waziri Mkuu Pinda alifuta leseni za waganga wa jadi. Watoto waliokolewa kwa kupelekwa Buhangija huko Shinyanga, Mitindo huko Misungwi, na Kabanga huko Kasulu. Wakapona, lakini wengi walitengwa na mama zao kwa miaka. Tukaamini kwamba imekwisha. Kisha mwishoni mwa Mei 2024, wilayani Muleba, katika mkoa wetu huu wa Kagera, mtoto wa miaka miwili na nusu alinyakuliwa nyumbani, na mwezi Juni mwili wake ukapatikana umeondolewa viungo. Kati ya watu tisa walioshtakiwa alikuwamo padre. Kushtakiwa si kuthibitishwa hatia, na hukumu ni ya mahakama, si ya gazeti. Lakini gazeti la Kikatoliki haliwezi kumlaumu mwandishi wa Kiingereza aliyebuni watumishi wa Kanisa wawakatao watoto, kisha likanyamaza juu ya shtaka hilo.

Hiyo ndiyo hadithi tunayoiogopa sisi. Haina jalada, haina jina la mwandishi, haionyeshwi ukutani kwa kiingilio, na hakuna chama kilichoweza kuwaambia watu wasiinunue dukani. Hupita kwa mnong'ono kati ya mtu mzima na mtu mzima: kwa mganga wa ramli, kwa mchimbaji wa madini aliyekosa bahati. Sinema husema, Hapo zamani za kale. Mganga husema, Kesho. Mtoto wa darasa la tano huijua sinema kuwa mchezo, na baba yake amwamini mganga!

Basi tukirudi kwenye banda la video, tusimlaumu mwenye banda peke yake. Sheria ya filamu ya mwaka 1976 ipo, Bodi ya Filamu ipo na hupanga sinema kwa umri wa watazamaji. Mwenye banda aingizaye watoto usiku kutazama uchi na damu na ashtakiwe kwa serikali ya kijiji. Ila sinema ya maajabu, iliyotengenezwa kwa ajili ya watoto, yatakiwa kutazamwa na mzazi na mtoto pamoja, kisha kuulizana. Nani alisema kweli? Nani alimwonea mdogo? Jambo hili litokee kweli au ni la kubuni? Jumuiya ndogo ndogo, ambazo marehemu Askofu Christopher Mwoleka alizipigania katika nchi hii yetu Karagwe ikingali Jimbo la Rulenge, zafaa sana kwa kazi hiyo. Jumuiya yenye kaya kumi na mbili yaweza kujua ni mtoto gani hutoroka kwenda mabandani. Yaweza pia kujua ni mwanajumuiya gani aliyeonekana kwa mganga, na kumwendea kwa upendo kabla hajaambiwa alete nini. Na kama katika kijiji yumo mtoto mwenye ualbino, jumuiya na ijue ni nani humsindikiza shuleni, na kama ana kofia pana na kiti cha mbele karibu na ubao, maana macho yake hayaoni mbali.

Kitabu cha Pullman ni cha Kiingereza, tena kirefu, nasi hatumwambii mzazi yeyote akakinunue. Lakini kisa cha mtoto na samaki mkavu ni kifupi, kila mama aweza kukisimulia jikoni, ndizi zikiiva. Na awaulize watoto kwa nini Lyra alikasirika samaki alipotupwa, kisha anyamaze kidogo, awasikilize.